Fake, forged, counterfeit, bogus: jinsi ya kuchagua neno sahihi la Kiingereza unapoandika kuhusu utapeli na vitu feki

Hii nimewaandikia wale ambao kazi inawalazimisha kuandika Kiingereza huku kichwani wanawaza Kiswahili, yaani wewe wa ofisini unayeandika ripoti ya hela iliyopotea, mwandishi wa habari, mkalimani wa mahakamani, mwanafunzi, dada wa manunuzi anayemlalamikia saplaya wa nje kwa imeli, wote. Sisi neno "feki" linatubebea kila kitu. Cheti feki, noti feki, dawa feki, daktari feki, kucha feki, ndoa feki, akaunti feki, na tunaelewana vizuri tu. Ukienda Kiingereza na "fake" yako hiyo hiyo moja mtaani utaeleweka, ila kwenye karatasi inayosomwa na wakili au ubalozi au bosi wa makao makuu haitoshi, maana kule kila aina ya udanganyifu ina neno lake, na neno likibadilika tuhuma nayo inabadilika. Ukikosea unaweza kumbebesha mtu kosa la jinai ambalo hajalifanya, au ukamsafisha aliyelifanya kweli.

Sikupi orodha ya kukariri. Orodha zipo nyingi na hazisaidii, kwa sababu maneno haya hayatofautiani kwa ukali tu kama watu wanavyodhani, yanatofautiana kwa nini hasa kilichofanyika. Kwa hiyo nakupa njia ya kufuata.

Hatua ya kwanza: andika kilichotokea kabla hujatafuta neno

Usianze na kamusi. Chukua karatasi, andika kwa Kiswahili cha kawaida sentensi mbili tatu: nani alifanya nini, kitu kilijifanya ni kitu gani, mhusika alijua au hakujua, na nani amepoteza nini. Mfano usiandike "alinipa risiti feki". Andika "risiti ina jina la kampuni ambayo haipo duniani", au "kampuni ipo ila risiti aliichapisha mwenyewe kwenye steshenari akagonga na muhuri wa kuchonga", au "risiti ni halali kabisa ila ile 1 ameigeuza ikawa 7". Kwa Kiswahili hizo zote ni risiti feki. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "bogus", ya pili ni "forged", ya tatu ni "altered" au kwa lugha ya kawaida zaidi "doctored". Ukishaandika hivyo nusu ya kazi imeisha, maana neno linajitokeza lenyewe kwenye maelezo.

Hatua ya pili: kama ni kitu, uliza kinajifanya kimetoka kwa nani

"Counterfeit" ni kuiga kitu ambacho kuna mwenye haki ya kukitoa au kukitengeneza, na kinaigwa ili kipite kama cha kwake. Noti za benki kuu, viatu vyenye nembo ya kampuni kubwa, wino wa printa, spea za gari. Ndo maana noti feki ni "counterfeit notes" na viatu kanyaboya ni "counterfeit shoes".

"Forged" inakaa kwenye maandishi, saini, mihuri na kazi za sanaa, yaani kitu kinachodai kimetoka kwenye mkono wa fulani kumbe sio. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania na ile ya Kenya zote zinaielezea "forgery" hivi hivi: "the making of a false document with intent to defraud or to deceive". Angalia hapo kuna nusu mbili, kutengeneza nyaraka ya uongo halafu nia ya kudanganya. Nia ikikosekana, hakuna forgery. Alafu kuna kosa lingine linalotembea na hilo, "uttering a false document", na hapa wakalimani wengi wanajikwaa kwa sababu wanaijua "utter" ya kutamka. Kisheria maana yake ni kuiwasilisha hiyo nyaraka na kuitumia kama ya kweli. Mtu anaweza kushtakiwa kwa kuwasilisha hata kama hakuitengeneza yeye.

Watu wanadhani forgery lazima iwe kopi ya kitu kilichopo. Hapana, na mfano mzuri ni wa Mholanzi Han van Meegeren. Huyu alikuwa mchoraji, na miaka ya 1930 akaanza kuchora picha kwa mtindo wa Johannes Vermeer, mchoraji mkubwa wa karne ya 17. Hakunakili picha yoyote ya Vermeer, alichora picha mpya kabisa ambazo Vermeer hakuwahi kuziwaza, akazizeesha, na mtaalamu aliyeheshimika sana, Abraham Bredius, akaisifia moja hadharani mwaka 1937 kwamba ni kazi halisi ya bwana mkubwa. Picha nyingine ikaishia mikononi mwa Hermann Göring wa serikali ya Nazi. Vita ilipoisha 1945 van Meegeren akakamatwa kwa kosa la kumuuzia adui hazina ya taifa, na utetezi wake ukawa ni kukiri kwamba ile haikuwa hazina ya taifa, ameichora mwenyewe. Mwaka 1947 alihukumiwa kwa mambo mawili, forgery na fraud, na hapo ndo unaona tofauti kwa uwazi kabisa: picha yenye saini ya mtu mwingine ni forgery, kuiuza na kupokea hela ni fraud. Picha haiwezi kuwa fraud bila mtu kuuziwa, na fraud inaweza kufanyika bila hata karatasi moja.

Sasa turudi kwetu. April 2017 serikali ya Tanzania ilitoa matokeo ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma na zaidi ya watumishi 9,900 walikutwa na vyeti feki wakaondolewa kazini. Kwenye uhakiki ule kulikuwa pia na kundi jingine, cheti kimoja kinatumiwa na mtu zaidi ya mmoja. Mtaani wote wakaitwa "vyeti feki". Kama ungeambiwa uandike habari ile kwa Kiingereza usingeweza kuwaweka wote kwenye "forged certificates". Aliyetengenezewa cheti cha form four uchochoroni, hicho ni forged. Aliyechukua cheti cha ndugu yake na kuishi kwa jina lake kazini, cheti chake ni "genuine", kimetolewa na mamlaka na hakijaguswa, feki ni yeye, na neno ni "impersonation". Na yule anayenunua digrii kwenye mtandao kutoka chuo ambacho hakina hata darasa moja, hiyo ni "bogus degree", hakuna chuo kilichoghushiwa kwa sababu chuo chenyewe hakipo. Watu watatu, makosa matatu tofauti, na kwangu kuwaandika sawasawa ni suala la haki na sio ufundi wa lugha tu.

Tahadhari ndogo hapa. "Forge" ina maana nyingine ya zamani ya kufua chuma, kwa hiyo ukiona rimu za gari zimeandikwa "forged" usishtuke, zimefuliwa na zina sifa ya kuwa imara. Na "she forged a career in law" ni sifa, amejijengea kazi kwa jasho lake, usije ukaitafsiri kwamba ameghushi.

Hatua ya tatu: kwenye dawa kuwa makini mara mbili

Hii nimeitenga kwa makusudi kwa sababu hapa neno moja liliwahi kuweka maisha ya watu rehani, na lilitokea hapa kwetu Afrika Mashariki.

Mwaka 2008 Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia, Anti-Counterfeit Act. Nia ilikuwa nzuri, soko lilikuwa limejaa bidhaa za ovyo. Ila tafsiri ya "counterfeit" iliyowekwa mle ilikuwa pana mno, inaweza kusomeka kwamba kitu chochote kilichotengenezwa kwa kufanana na bidhaa ya mwenye haki miliki bila ruhusa yake ni counterfeit. Sasa dawa za "generic" ni nini? Ni dawa zenye kiambata kile kile na zinafanya kazi ile ile, ila zimetengenezwa na kiwanda kingine na bei iko chini. ARV ambazo zinaweka hai watu wengi kwenye nchi zetu ni hizo hizo generic. Kwa hiyo sheria ikisomwa vibaya, dawa nzuri inayoponya inawekwa kapu moja na kidonge cha chokaa, inakamatwa bandarini. Watu watatu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wakaenda mahakamani, na April 2012 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akaamua kwamba tafsiri ile inaweza kabisa kuzimeza generic, na kwa hali hiyo inagusa haki ya uhai, utu na afya ya walalamikaji, vifungu vile havikubaliki kikatiba kwa kadiri vinavyozuia dawa hizo. Fikiria, kesi nzima imezunguka kwenye mipaka ya neno moja.

Na sio Kenya tu. Shirika la Afya Duniani nalo lilihangaika miaka na neno hilo, likawa na jina refu lenye maneno matano yamerundikwa pamoja, mpaka 2017 nchi wanachama zikakubaliana kuacha counterfeit kwenye mambo ya dawa na kutumia mawili: "substandard" na "falsified". Counterfeit ikaachwa kwa mambo ya nembo na haki miliki ambako ndo kwao.

Kwa hiyo ukiandika kuhusu dawa fuata hivi. Kiwanda ni halali, dawa imesajiliwa, ila imeharibika au haina nguvu inayotakiwa, andika substandard, hapo hujamwita mtu yeyote tapeli. Kuna mtu amedanganya kwa makusudi juu ya dawa ni nini, ina nini ndani au imetoka wapi, andika falsified. Ni nzuri ila haijasajiliwa nchini mwako, andika "unregistered" uishie hapo. Imeisha muda ni "expired", na kama mtu amefuta tarehe akaandika nyingine inarudi kwenye falsified. Usiandike "fake drugs" kwenye ripoti ya hospitali, na usiwahi kabisa kuiita generic kuwa fake. Nimeona watu wameacha kunywa dawa kwa sababu ya maneno ya namna hiyo.

Hatua ya nne: sio kila kitu bandia kina uovu

Kiswahili "bandia" inafunika mguu bandia na noti bandia. Kiingereza hapana. Mguu ni "artificial leg" au "prosthetic leg", ukiandika "fake leg" kwenye barua ya hospitali umemkosea heshima mgonjwa. Meno ni "false teeth" au "dentures". Hapo "false" haina shida yoyote, wala kwenye kope za kubandika, lakini "false passport" ni jela, kwa hiyo hilo neno linategemea limekaa na nani. Ngozi isiyo ya mnyama ni "imitation leather" au "faux leather", nywele za dukani zisizo za binadamu ni "synthetic hair", na silaha ya mbao ya kufanyia mazoezi ni "dummy". Mtihani wa mock kila aliyesoma huku anaujua na hakuna anayesema alidanganywa. Kinachoyaunganisha yote haya ni kwamba hakuna anayefichwa kitu, muuzaji amesema na mnunuzi anajua.

Hapa kati kuna neno moja la kuliangalia kwa macho mawili, nalo ni "replica". Kwenye mpira wa Uingereza "replica shirt" ni jezi halali kabisa inayouzwa na klabu kwa mashabiki, imeitwa replica kwa sababu inafanana na ile wanayovaa wachezaji uwanjani. Kwenye jumba la makumbusho replica ni nakala ya kuonyesha watu, kama pale Lascaux kule Ufaransa ambako mwaka 1983 walifungua nakala ya pango ili lile halisi lenye michoro ya kale lisiendelee kuharibiwa na pumzi za wageni. Ila wauza saa mtandaoni wakiandika "replica watch" wanakuuzia counterfeit kwa jina la kistaarabu. Kwa hiyo ukiwa unaandika malalamiko usikubali kutumia neno la muuzaji, tumia lako.

Hatua ya tano: kama ni maneno, tenganisha uongo na kupotosha

"Lie" inataka msemaji awe anajua au anaamini kwamba anachosema sio kweli. Mtu akisema basi linaondoka saa mbili kumbe saa moja na yeye alikuwa anaamini ni saa mbili, hajadanganya, amekosea, na Kiingereza chake ni "he was wrong" au "he was mistaken". Sisi tunasema "amenidanganya" kwa zote mbili, ndo maana wengi wanaandika "he lied to me" bila kujua kwamba wamemtukana mtu.

"Mislead" ni kumpeleka mtu kwenye imani isiyo sahihi, na unaweza kuifanya bila kusema neno moja la uongo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliwahi kukutana nayo uso kwa uso mwaka 1973. Samuel Bronston, mtengeneza filamu, aliulizwa chini ya kiapo kama ana akaunti za benki Uswisi, akajibu hana. Akaulizwa, umewahi kuwa nazo? Akajibu kwamba kampuni ilikuwa na akaunti kule Zurich kwa kama miezi sita. Ni kweli kampuni ilikuwa nayo. Lakini na yeye binafsi aliwahi kuwa nayo, hakusema. Mahakama ya chini ilimtia hatiani kwa "perjury", yaani kiapo cha uongo, majaji wa juu wote kwa kauli moja wakafuta, wakasema jibu ni la kweli kama lilivyo, limepotosha lakini sio perjury, ilikuwa kazi ya mwanasheria kumbana na swali la pili. Unaweza usipende hiyo hukumu, mimi mwenyewe siipendi sana, ila inakufundisha mpaka uko wapi.

"Deceive" maana yake ni kwamba umefanikiwa, mtu ameamini. Kama hakuamini andika "tried to deceive". Na "mislead" peke yake haisemi kama ilikuwa makusudi, inabidi uongeze, "deliberately" au "inadvertently". Kwenye bunge la Uingereza huruhusiwi kumwita mwenzako muongo ndani ya ukumbi, na Januari 2022 mbunge Ian Blackford alisema waziri mkuu amelipotosha bunge kwa makusudi, Spika Lindsay Hoyle akamtaka aseme "inadvertently", yaani bila kukusudia, yeye hakulifuta neno lake na ikaishia ametoka nje. Tendo ni hilo hilo, ugomvi wote ulikuwa kwenye neno la pembeni linalobeba nia.

Tofauti ya "misinformation" na "disinformation" nayo iko hapo hapo kwenye nia. Ya kwanza ni habari ya uongo inayosambazwa hata na shangazi aliyeiamini kwa moyo safi, ya pili imetungwa na kusambazwa kwa lengo la kudanganya. Meseji ile ile moja inaanza kama ya pili na kuendelea kama ya kwanza.

Hatua ya sita: kama hela imeondoka

Hapa watu wanachanganya sana kwa sababu sisi tuna "tapeli" na "kupigwa" inatosha.

"Scam" ni ya mazungumzo na magazetini. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni scam kabisa, na kumwambia rafiki kwenye chati iko sawa. Kwenye maelezo ya polisi au barua ya benki tumia "fraud", hilo ni mwavuli wa kisheria, au kosa lenyewe kama linavyosomwa mahakamani, "obtaining money by false pretences", ambayo kwenye habari zetu inasomwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. "Con" ni utapeli unaoanza kwa kujengewa imani, na neno limetoka kwenye "confidence": mwaka 1849 magazeti ya New York yaliandika juu ya jamaa mmoja aliyekuwa anamsogelea mtu barabarani, anaongea naye vizuri kama wanajuana, halafu anamuuliza kama ana imani naye kiasi cha kumwachia saa yake mpaka kesho. Watu waliacha. Kwa hiyo kama aliyekupiga alikaa na wewe wiki tatu anakuita ndugu, kanisani mnaenda wote, "he conned me" inasema zaidi ya "he cheated me".

"Cheat" ni ya mtihani, karata na mapenzi, na inabadilika kwa neno linalofuata. "Cheated in" ni kwenye mtihani, "cheated on" ni kusaliti mpenzi, "cheated out of" ni kuporwa haki yako kwa hila. Nimesoma barua rasmi iliyoandikwa "the supplier cheated on us" na najua mwandishi alimaanisha nini ila aliyeipokea lazima alisimama kidogo.

Keshia aliyekabidhiwa sanduku akachota humo hajafanya scam, hiyo ni "embezzlement", inamhusu mtu aliyeaminiwa mali akaila.

Ponzi na piramidi nazo sio kitu kimoja ingawa wote tunasema upatu. Charles Ponzi, Boston mwaka 1920, aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akisema anafanya biashara ya kuponi za posta za kimataifa, kumbe analipa wa kwanza kwa hela za wa pili. Kwenye Ponzi wewe unaweka hela unakaa, unaamini kuna biashara. Kwenye "pyramid scheme" unaambiwa wazi kabisa ulete watu, na hela yako inatokana na uliowaleta. Ukiandika ripoti uliza wanachama walitakiwa kuleta watu au la, jibu ndo linachagua neno.

Na viunganishi vyake ni muhimu kuliko maneno yenyewe, hivi vishike: "into" inaonyesha mtu alifanywa atende kitu, "tricked into signing", "conned into paying". "Out of" inaonyesha alichopoteza, "swindled out of her land". "Defraud" inachukua "of" tupu, "defrauded the bank of" kiasi fulani. Ukishika hizo tatu Kiingereza chako kitasimama.

Hatua ya saba: kilichobaki, watu na maigizo

"Hoax" ni uongo mkubwa unaotupwa hadharani ili umma uamini, hela sio lazima. Fuvu la Piltdown kule Uingereza lilitangazwa 1912 kama binadamu wa kale, likakaa kwenye vitabu mpaka 1953 ilipothibitishwa ni fuvu la binadamu wa kawaida limeunganishwa na taya la orangutani. Hiyo ni hoax. Mzaha wa Aprili mosi ni "prank", lakini kupiga simu kwamba kuna bomu ni "hoax call" na unakamatwa.

Daktari feki ni "bogus doctor" au "impostor" kama hakusomea na anajifanya amesomea. "Quack" ni anayeuza tiba isiyotibu, na anaweza hata kuwa na cheti. "Phony" ni ya mtu asiye mkweli kwenye tabia, ile tunayosema wa mchongo, na ni ya mazungumzo, usiiweke kwenye ripoti.

"Sham" naipenda kwa sababu inasema kitu ambacho sisi tunahitaji sentensi nzima. Ni kitu ambacho kwa nje kimekamilika ila ndani hakuna kitu: "sham election", "sham trial". Na kwa ndugu walioko Ulaya na Marekani, ndoa ya makaratasi ni "sham marriage". Cheti cha ndoa kile ni genuine, kimetolewa na msajili, mashahidi walikuwepo, kilichokosekana ni ndoa yenyewe. Ukimtafsiria mtu barua yake ya uhamiaji ukaandika "forged marriage certificate" umempa kesi nyingine ambayo hakuwa nayo. Na "marriage of convenience" nayo usiichukulie kuwa sawa moja kwa moja, watu wawili wanaweza kuoana kwa manufaa na wakaishi pamoja kweli.

Hatua ya mwisho: kama huna uhakika, weka kinga

Kama uchunguzi haujaisha usiandike kama jaji. "Suspected" inafaa kwa kitu na mtu unayemshuku, "alleged" inafaa kwa tuhuma iliyotolewa na mtu mwingine, na "purported" ndo bora kwa nyaraka, maana inasema tu kwamba karatasi inadai kuwa kitu fulani. "So-called" iache, inaonekana ya upole lakini msomaji anasikia kwamba umeshahukumu. Alafu eleza ulichoona kwa macho badala ya kutaja kosa.

Kwa hiyo badala ya "The supplier is a fraud, he sent us a fake invoice and lied about the payment", andika "We received a purported invoice dated 3 May. The signature does not match the one on our contract, and the account number is not the one we have on file. Please confirm whether your office issued it." Ukiisoma tena utaona haina hata neno moja la tusi, haijamwita mtu tapeli, na kama ni tapeli kweli hana pa kujificha maana swali la mwisho ana majibu mawili tu, ndiyo au hapana, na lolote atakalojibu litabaki kwenye maandishi.